KAMALONDO, SITE YA KWANZA YA LUBUMBASHI

Ukimuuliza leo kijana wa Lubumbashi Kamalondo ni nini, atakujibu mbio: ni kwa Mazembe. Atasema tena kwamba ni pa bia na muziki usiku, na kwamba ni komini ndogo kupita zote saba za mji wetu. Yote ni kweli. Lakini Kamalondo ilikuwa pale mbele ya Mazembe, mbele ya Kenya, mbele ya Katuba na Ruashi. Masite zile zote ni watoto, na Kamalondo njo mama. Ninaandika habari yake mu kitabu hiki kidogo cha desturi zetu juu wazee wenye kuijua wanaisha, na juu ya jambo lingine ambalo nitalisema mbele kidogo, kila kitu na saa yake.

Tuanze na mahali penyewe. Ukitoka mu ville, ni kusema mji wa kati uliojengwa kwa ajili ya wazungu, unashuka kwa kusini, na haupiti mwendo mrefu mbele ya kuingia Kamalondo. Ukiendelea na kusini unakuta Kenya. Avenyi zake zimenyooka kama mistari ya daftari, na parseli zimepangwa bega kwa bega, ndogo, kila moja na lupango yake. Komini ina kartie mbili tu, Kitumaini na Njanja. Jina la Njanja halihitaji maelezo kwa mtu wa Lubumbashi: njanja ni reli na kampuni ya reli, na mtu wa njanja ni mtu anayekula bukari kwa kazi ya treni. Ukisimama mahali pa wazi unaona bomba refu la kiwanda cha shaba na mlima mweusi wa takataka zake. Moshi wa bomba lile, wakati likitoa moshi, ndio ulioita babu zetu.

Kabla ya bomba, nchi hii ilikuwa ya Balamba. Shefu Kaponda na watu wake walikuwa wanalima na kuwinda huku, na mto uliitwa Lubumbashi kabla mzungu hajaleta kalamu. Wafua shaba wa zamani walijua mawe ya kijani ya Kalukuluku, pale wazungu walipokuja kufungua mgodi na kuuita Étoile. Mu 1906 kampuni ya Union Minière ilianzishwa. Mu 1910 reli ikafika kutoka upande wa Rhodesia, na mwaka uleule Émile Wangermée akapima mji mpya, akaupa jina la malkia wa Wabeleji, Elisabeth. Mu 1911 tanuru la kwanza likatoa shaba. Angalia vile mambo yalivyopangana: mgodi, reli, mji, tanuru, yote mu miaka mitano. Mtu peke yake njo alikosekana, ni kusema mtu wa kufanya kazi.

Walimtafuta mbali. Kampuni za kuandika watu zilikwenda Rhodesia na Nyasaland. Bourse du Travail du Katanga, iliyoanza mu 1910, ilikwenda mu vijiji vya Katanga yenyewe, kisha Lomami na Kasai na Maniema, na mu miaka ya 1920 Union Minière ilifika mpaka Ruanda-Urundi. Wengi walikuja kwa mkataba wa miezi michache wakitumaini kurudi. Wengine walirudi. Wengine walikufa kwa kuhara na kwa homa ya mapafu mu makambi ya mwanzo, jambo ambalo vitabu vya kampuni havikupenda kulisema kwa sauti. Na wengine wakabaki. Kamalondo ni mji wa hawa waliobaki.

Hapa kuna jambo vijana wanachanganya. Mtu aliyefanya kazi Union Minière alilala mu kambi ya Union Minière. Mtu wa reli alilala mu kambi ya reli. Kampuni ilimpa nyumba, ilimpa posho ya unga, na siku alipofukuzwa kazi alitoka na mkeke wake. Site ilikuwa kitu kingine. Mu site alikaa fundi seremala, mshonaji, karani, mpishi wa mzungu asiyelala mu boyerie, mwuza samaki, mama mpika munkoyo, na kila mtu asiye na kampuni mgongoni. Kambi ilikuwa na baba, na baba yule alikuwa kampuni. Site haikuwa na baba.

Site ya kwanza kabisa ilijengwa karibu sana na mji wa wazungu, mu miaka ileile ya kuanza. Haikukaa sana. Wazungu walilalamika: kelele za ngoma, harufu, na zaidi waganga wao walisema kwamba mbu anayemuuma mweusi usiku anachukua malaria na kwenda kumpa mzungu. Basi mu mwanzo wa miaka ya 1920 site ikavunjwa, watu wakahamishwa kusini, mu uwanja mpya uliopewa jina la mfalme Albert. Jina Kamalondo lilikuja kukaa rasmi nyuma ya uhuru. Mu karatasi za wakati ule utakuta paka Albert.

Kati ya site Albert na ville waliacha nafasi tupu ya mamia ya metre. Waliiita zone neutre. Neno zuri, kama vile pale kulikuwa na vita na watu wawili wamepatana wasipigane. Kwa kweli upande mmoja tu njo ulikuwa na bunduki. Hesabu yao ilikuwa ya mbu: kwamba haruki mbali hivyo. Kwa babu zetu hesabu ilikuwa ya miguu. Asubuhi mbele ya jua walivuka kwenda kuwasha moto mu jiko la mzungu, jioni walivuka kurudi, na usiku mtu mweusi aliyekutwa ng'ambo ile bila karatasi ya bwana wake alilala mu kashoti. Nyanya yangu, aliyekuwa anafua nguo kwa Mgiriki mmoja mwenye duka, alikuwa anatuambia: "Ile wakati, ukiona jua inaanguka, unaanza kukimbia. Hauangalie nyuma. Hata kama madame anakuita, unajifanya sawa vile hausikie."

Ninataja Mgiriki kwa makusudi. Pembeni ya ville, upande wa kutazama site, ndipo walipokaa wafanyabiashara wadogo: Wagiriki, Wareno, Waitalia, Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes. Wabeleji wakubwa hawakuwahesabu sana kama wazungu kamili. Waliuzia watu wetu vitambaa, sukari, mafuta ya taa, baiskeli, na walijifunza Kiswahili haraka, juu asiyejua Kiswahili hakuuza. Mpaka leo ukienda barabara ya Limite Sud, jina lenyewe linakuambia: hapa mji wa wazungu ulikuwa unaishia.

Na hicho Kiswahili chenyewe kilitoka wapi? Mu miaka ya kwanza, kazi ilisemwa kwa Kikabanga, lugha ya migodi ya kusini, ya amri na matusi, ambayo wazungu wa Rhodesia na Afrika ya Kusini walikuja nayo. Baada ya vita vya kwanza Wabeleji waliogopa Waingereza. Waliona wafanyakazi wa Rhodesia ni wengi mno, na lugha yao pia. Wakaanza kuleta watu kutoka kaskazini na kusukuma Kiswahili. Hiyo ni siasa. Lakini siasa haiwezi kufundisha mama wa Kilamba kusemezana na jirani yake wa Kisonge mu foleni ya maji. Site njo ilifanya kazi ile. Mu parseli moja ungeweza kukuta Mubemba, Muluba wa Kasai, Mukusu wa Maniema na Mulunda, na watoto wao wanacheza pamoja. Watoto wakachukua lugha ya barabara, wakairudisha nyumbani. Sisi tulioenda masomo tunapenda kucheka Kiswahili cha Lubumbashi, tunakiita kibovu. Mimi sikicheki tena. Mu 1965 watumishi wa zamani wa nyumba za wazungu waliandika kwa lugha hiyohiyo historia yao ya mji, iliyokusanywa na André Yav, inayoitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Wapishi na maboyi, si maprofesa. Johannes Fabian aliichapisha mu 1990, na leo inasomwa na wataalamu mbali na hapa, wakati mu Kamalondo ni wachache wanaojua kama iko.

Nyumba za mwanzo zilijengwa kwa matafari ya udongo wa kichuguu. Nchi yetu ina vichuguu vikubwa kama vilima, na udongo wake unashika vizuri. Wazee walivunja kichuguu, wakachoma matafari, wakajenga polepole, chumba leo, chumba mwaka ujao. Babu yangu aliletwa kutoka upande wa Kabinda kama mfanyakazi wa mkataba. Mkataba ulipoisha hakupanda treni. Alikuwa amejifunza useremala, akapata parseli mu site Albert, akaoa binti wa Kilamba kutoka kwa Kaponda, yule nyanya niliyemtaja. Alipanda mwembe katikati ya lupango. Wakwe zake walimshangaa: nani anapanda mti juu ya udongo ambao si wa ukoo wake? Alijibu kwamba udongo wa ukoo wake hauna embe.

Mwaka wa 1930 na kuendelea, bei ya shaba ilianguka mu dunia yote. Union Minière ilifukuza maelfu ya watu na kuwarudisha vijijini. Wale waliokataa kurudi walijificha mu site, kwa ndugu na kwa marafiki, wakajitafutia. Serikali ya koloni ikaona kundi la watu ambalo si la shefu wa kijiji wala la kampuni. Waweke wapi? Dekreti ya 1931 ikaunda kitu kinachoitwa centre extra-coutumier, mahali pa watu walio nje ya desturi, na site yetu ikawa mojawapo. Ilipewa shefu wa centre, baraza, na mahakama yenye waamuzi wa makabila mbalimbali. Ferdinand Grévisse, msimamizi Mbeleji aliyeiongoza miaka mingi, aliandika kitabu kizima juu yake mu 1951.

"Nje ya desturi." Nimelifikiria neno hili sana, na ndugu wa kikundi chetu wanajua tulivyobishana juu yake siku tulipokuwa tunatayarisha kitabu hiki, mmoja akisema kwamba kuandika Kamalondo mu kitabu cha desturi ni kosa, juu desturi zinakaa mu kijiji. Mimi ninasema: nenda uangalie matanga ya Kamalondo. Akifa mtu mu avenyi, wanaume wanaleta kuni, moto unakaa nje mpaka maziko, kila nyumba inatoa mchango na jina linaandikwa mu daftari, awe Musonge, Mubemba au Mulunda. Hakuna kijiji kimoja kilichotufundisha vile. Ilitoka kwa watu ambao ukoo wao ulikuwa mbali siku saba za treni, na maiti haingoji siku saba. Walianzisha vyama vya kuzikana, vyama vya kabila na vyama visivyo vya kabila. Mu miaka ya 1920 na 1930 kulikuwa pia Mbeni, ngoma ya kutembea kama maaskari, yenye magavana na madaktari wake wa kujitungia. Wazungu waliiogopa kidogo, wakiwaza kwamba ni serikali ya siri. Haikuwa serikali, lakini mtu aliyekuwa boyi mchana, siku ya mungu alikuwa gavana, na mgonjwa wa chama alipelekewa unga.

Wanawake wamesahauliwa mu vitabu vingi. Mu miji ya koloni mwanamke anayekaa peke yake alitozwa kodi yake mwenyewe, na kwa kodi ile alipewa jina baya. Wengi walikuwa wajane, au wameachwa na mume aliyerudi kwao. Walipika munkoyo mchana na lutuku usiku, wakificha mitungi mu shimo, polisi wakija wanakaa juu ya kifuniko na kunyonyesha mtoto. Pesa ya lutuku imesomesha makarani wengi ambao baadaye walikuwa na haya ya kuisema. Mama mkubwa wa upande wa baba yangu alikuwa mmoja wao. Ninaisema bila haya.

Mpira ulikuja kwa mapadri Wabenedikto. Mu 1939 walianzisha timu ya vijana, Saint-Georges. Ikawa Saint-Paul, ikawa Englebert kwa jina la mpira wa magurudumu, na ikawa Tout Puissant. Mu 1967 na 1968 ilichukua kombe la mabingwa wa Afrika mara mbili mfululizo. Mwaka uleule wa 1939 ilizaliwa pia Saint-Éloi Lupopo, timu ya watu wa njanja, na tangu siku ile mu Lubumbashi kuna nyumba ambamo baba na mwana hawakuli pamoja siku ya derbi. Sitaongeza, juu mimi ni wa Lupopo na ninakaa Kamalondo, mwenye kuelewa ameelewa.

Siasa nitaipita haraka, si kwa kuwa ni ndogo. Mu Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakitaka mishahara, na tarehe 9 maaskari waliwapiga risasi mu uwanja wa mpira wa kambi ya Lubumbashi; Léonard Mpoyi, kiongozi wao, aliuawa pamoja na makumi ya watu. Ilikuwa kambini, si mu site, lakini maombolezo hayakujua mpaka. Mu Desemba 1957 weusi walipiga kura ya kwanza ya komini. Maburugumestri weusi waliochaguliwa mu Elisabethville walikuwa watu wa asili ya Kasai na ya Kivu. Hakuna hata mmoja wa asili ya Katanga. Kwa hasira hiyo, mu Oktoba 1958, ikazaliwa CONAKAT, na swali likatoka: huyu ni mwenyeji, yule ni mgeni. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ikajitenga. Mu 1961 maelfu kwa maelfu ya Baluba walikimbia nyumba zao mu masite na kulala mu kambi ya wakimbizi chini ya maaskari wa ONU, ndani ya mji uleule waliojenga. Kujitenga kuliisha Januari 1963, mji ukapewa jina la Lubumbashi mu 1966, na tukadhani swali limeisha.

Sasa nifike kwenye jambo nililoahidi. Mu 1992 swali lilirudi. Watu wa asili ya Kasai walifukuzwa mu Shaba, walijaa mu vituo vya treni wakingojea mabehewa kwa wiki na miezi, na wengi walikufa pale, hasa watoto. Nyumba yetu iligawanyika. Babu alitoka Kabinda, na Kabinda wakati ule ilikuwa Kasai kwa karatasi. Nyanya alikuwa Mulamba, na hakuna mwenyeji kupita Mulamba. Baba zangu wawili wadogo, watoto wa tumbo lile la Kilamba, waliondoka kwa treni kwenda mahali ambapo hawakuwahi kuona. Baba yangu alibaki. Alipoulizwa barabarani "wewe ni wa wapi?" alijibu: "Mimi wa avenyi hii." Siku moja jibu hilo lilimletea makofi, siku nyingine lilimwokoa.

Mbele ya kuondoka, baba wadogo waliuza nusu ya parseli kwa bei ya kukimbia. Ni nusu yenye mwembe. Mnunuzi alikuwa jirani, mtu mwema, hakutudanganya. Alilipa kile alichokuwa nacho, na saa ile kila mtu alikuwa na kidogo. Watoto wake wakauza tena kwa mtu wa biashara. Leo pale kuna depo ya bia yenye ukuta mrefu, na mwembe ulikatwa. Siwezi kwenda kudai kitu. Karatasi iko sawa, sahihi iko sawa.

Na si parseli yetu peke yake. Kamalondo iko karibu na mjini, kwa hiyo udongo wake una bei. Zone neutre imejaa majengo zamani, hakuna mtu anayevuka kitu tena. Mu 2011 Mazembe ilifungua uwanja wake mu komini yetu, wenye viti zaidi ya 18 000, nyuma ya kushinda Afrika tena mu 2009 na 2010 na kufika fainali ya dunia ya vilabu mbele ya Inter Milan. Tulifurahi wote, hata wa Lupopo kidogo. Siku ya mchezo mama wa karanga, wa maji, wa mayai ya kuchemsha wanapata. Lakini nyumba za matafari ya kichuguu zinaanguka moja kwa moja, zinapanda magorofa na mabaa, na wajukuu wanagombana: wanane juu ya parseli moja ndogo, hakuna anayeweza kununua sehemu ya wenzake, basi wanauza, wanagawana, kila mmoja anakwenda kujenga mbali mu komini ya Annexe. Sipingi mtu kuuza nyumba yake. Ninachokataa ni kuuza bila kwanza kuandika nani aliijenga, alitoka wapi, alioa nani, alizikwa na nani. Juu siku swali lile litakaporudi, na limekwisha rudi mara mbili, mtoto wa Kamalondo atahitaji kuwa na jibu kupita la baba yangu.

Kikundi chetu kimeanza daftari. Tumepita mu avenyi nne mpaka sasa, nyumba kwa nyumba, na tumekuta mabuku ya kitambulisho ya wakati wa Wabeleji, risiti za kodi, picha za Mbeni, na barua moja ya kampuni inayomwambia mtu kwamba kazi yake imeisha. Buku la babu yangu liko pia. Karani aliandika jina lake vibaya, akabadilisha herufi mbili, na sisi wote tunaitwa hivyo mpaka leo. Mwenye karatasi za zamani azilete Jumamosi baada ya saa nane. Tunapiga fotokopi na kumrudishia zake palepale.